Telesphor na Chambo cha Mpira

Kijiwe chetu kipo nyuma ya stesheni ya treni hapa Mpanda, ubavuni mwa kibanda changu cha cherehani. Benchi lenyewe ni taruma la zamani la reli tulilolilaza juu ya matofali, na kwa jinsi linavyokaliwa limeng'aa kuliko meza ya bwana harusi. Kahawa anamimina Kasimu, na kashata zake zinadai meno ya ujana. Mizani yupo kila siku. Jina lake Masele, Msukuma, kazi yake kupima mahindi ya wakulima sokoni, na akija kijiweni anapima maneno ya wenzake. Redio naye yupo. Huyo ni Dieudonne wa bodaboda, mzaliwa wa Katumba, anajua habari za dunia nzima isipokuwa nani alizitangaza. Mimi wananiita Fundi. Wa tano wetu ni Telesphor, tunayemwita Dereva kwa sababu ameendesha malori ya tumbaku ya Inyonga tangu barabara ikiwa mashimo matupu. Mwaka jana kiharusi kilimshika akiwa anakunywa chai kwake. Mdomo ulirudi, mguu ukarudi, ila mkono wa kulia ukabaki unaning'inia kama sweta lililoanikwa.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, asubuhi ya baridi ile ya kukumbatia kikombe, tukamwona Telesphor anakuja na fimbo yake ya kuvulia begani. Tukafurahi. Redio akapiga mluzi.

— Oya, Dereva! Leo bwawa limekoma!

Telesphor akaja mpaka mbele ya Redio, akamlazia fimbo mapajani. Fimbo nzuri ile, nyeusi, na kigurudumu chake cha kukunjia mshipi. Aliachiwa na fundi mmoja wa barabara aliyekuwa anahama.

— Chukua, akasema. Ulikuwa unaitamani.

— Naazima au nachukua?

— Unachukua. Mimi sina kazi nayo tena.

Kasimu aliyekuwa anamimina kahawa akasahau kuinua birika, kikombe kikafurika mpaka kikamuunguza vidole.

Inabidi nieleze. Telesphor hakuwa mvuvi wa kuuza. Alivua kwa raha. Lori likipumzika, yeye yuko kwenye bwawa la njia ya Magamba, lile wanalonyweshea mifugo, ambako nyavu zimekatazwa lakini ndoano ruksa. Baada ya kiharusi alijaribu kurudi. Shida ikawa mnyoo wa chambo. Mnyoo unateleza, unajipinda, unataka mkono mmoja ushike ndoano na mwingine uuvishe, na samaki wadogo wakishaudokoa unaanza upya. Mkewe Imakulata alikwenda naye siku moja amsaidie. Imakulata anachinja jogoo bila kupepesa, lakini mnyoo anauogopa tangu utoto. Akawa anauvisha huku amefumba macho, ndoano inamchoma vidole, na watu wa ng'ambo ya bwawa wanacheka. Telesphor akakunja mshipi, wakarudi nyumbani. Fimbo ikapanda darini jikoni.

Haya nayajua kwa sababu Imakulata alikuja kibandani kwangu kuomba nimshonee mumewe suruali za lastiki, zisizo na kifungo wala zipu. Alininong'oneza kana kwamba anaagiza sanda.

Sasa fimbo ilikuwa mapajani kwa Redio. Nilimwona Redio anaishika kwa hamu, vidole vinakwenda vyenyewe. Halafu Mizani akamkanyaga mguu.

— Aa! Nini sasa?

— Nimeteleza, akasema Mizani. Kisha akamgeukia Telesphor. Dereva, na hiyo pakiti mfukoni ni ya nini?

Kweli, mfuko wa shati ulikuwa na pakiti ya nailoni inayong'aa. Telesphor akaitoa kwa mkono wa kushoto, akaitupa juu ya benchi.

— Glory katuma na basi. Kuna mtalii kaiacha kule kambini anakofanyia kazi. Eti ni chambo.

Glory ni binti yake, mpishi wa kambi ya watalii huko ziwani Tanganyika. Tukainama wote. Ndani ya pakiti mlikuwa na visamaki vya mpira, laini, rangi ya majani mabichi yenye vumbi la kumetameta, kila kimoja na mkia uliopinda kama kijiko. Pembeni kulikuwa na ndoano zenye vichwa vya risasi vya kuzizamisha. Redio akakitoa kimoja, akakinusa.

— Kinanuka vitunguu swaumu!

— Lete, akasema Kasimu. Akanusa. Hiki ni kitoweo tayari. Umebaki wali tu.

— Samaki gani mwenye akili atakula mpira? nikauliza mimi.

Nakiri swali lilikuwa la kuchokoza. Nilitaka maneno yaanze, maana ukimya wa pale ulikuwa unauma.

Maneno yakaanza.

— Samaki haoni rangi, akasema Redio. Nimesikia kwenye redio. Samaki anaona nyeusi na nyeupe kama televisheni ya zamani. Kwa hiyo hapa kijani ni ya kumdanganya mnunuzi, siyo samaki.

— Redio ipi?

— Ile... ilikuwa usiku, sikumbuki. Ndiyo maana wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Tazama huyu! Akakikunja kisamaki mara mbili kikarudi. Huyu anakunjika mpaka uzeeni. Wahenga hawakumwona.

— Wahenga walikuwa wanasema watoto, siyo mpira.

— Watoto, mpira, vyote vinaruka.

Mizani akatikisa kichwa kwa uzito.

— Nyie hamjafuga. Sikilizeni. Ng'ombe akifiwa na ndama anagoma kutoa maziwa. Sisi tunafanyaje? Tunachuna ile ngozi ya ndama, tunaijaza majani makavu, tunamsogezea mama yake. Anailamba, anaachia maziwa. Ng'ombe, mnyama mwenye akili zake, anayejua njia ya nyumbani, anadanganyika na majani. Samaki ni nani asidanganyike?

— Yule ng'ombe ana huzuni, akasema Kasimu. Samaki ana huzuni gani?

— Ana njaa. Njaa ni huzuni ya tumbo.

Hapo hata Telesphor akatabasamu upande mmoja. Nikajua tuko kwenye njia.

— Mimi swali langu ni la dini, akasema Kasimu. Samaki ni halali, hilo halina mjadala. Lakini huyu umempata kwa uongo. Hujampa chakula, umempa picha ya chakula. Hapo vipi?

— Na mnyoo ulikuwa ukweli? Ulikuwa na ndoano ndani! akadakia Mizani.

— Angalau alikufa ameonja.

Redio akasimama. Redio akisimama ujue habari inakuja kubwa.

— Nawaambia siri. Wazungu ndani ya huu mpira wameweka dawa ya mapenzi. Samaki dume akinusa anaona mchumba, samaki jike akinusa anaona shemeji. Hawaji kula, wanakuja kujitambulisha! Na ukisahau kimoja bwawani, kitazaa. Miaka ijayo tutakuwa tunavua kambale wa mpira, unapika wiki nzima hawaivi. Mchovya asali hachovyi mara moja!

— Asali imeingiaje hapo?

— Imeingia kwa sababu tuko Katavi, mkoa wa nyuki.

Tukacheka mpaka mpita njia mmoja akasimama kuuliza kuna nini. Cheko lilipoisha, Mizani akaweka kikombe chini, akatumia sauti yake ya mizani, ile anayotumia gunia likipungua kilo.

— Basi mimi naona hivi. Redio hawezi kupokea fimbo pamoja na chambo ambacho hakijajaribiwa. Kitu kibovu hakirithishwi. Sisi wote hapa hatujui kurusha. Anayejua ni mmoja. Ajaribu kwanza, ndipo akabidhi.

— Mimi mkono... akaanza Telesphor.

— Hatujasema uvue, Dereva. Tumesema ujaribu. Kama wewe unavyojaribu breki kabla ya kumwachia mwenzako gari. Au ulikuwa unawaachia tu?

Hapo alimgusa penyewe. Telesphor hajawahi kumwachia mtu lori bila kuzijaribu breki. Akautazama mkono wake, akaitazama pakiti.

— Mara moja tu, akasema. Halafu fimbo ni ya Redio.

— Ego! akadakia Redio, ndiyo ya Kirundi cha kwao Katumba. Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo tuondoke sasa hivi!

Basi kijiwe kikahama. Redio alimpakia Telesphor. Mizani alinipakia mimi kwa pikipiki yake, fimbo imesimama katikati yetu kama bendera. Kasimu hakutaka kubaki, na hakutaka kuacha birika, akakodi bodaboda nyingine akakaa nyuma amebeba jiko la mkaa kwenye ndoo. Watu wa njiani walidhani tumepata msiba.

Bwawani maji yalikuwa yametulia. Upande wa pili ng'ombe walikuwa wanakunywa, upande wetu matete na mti mmoja mkubwa ulioangukia majini zamani. Kasimu akachochea mkaa. Telesphor akakaa juu ya dumu lililofunikwa, akasema kwanza tuchague ndoano nyepesi, siyo ile ya risasi nene. Mimi ndiye niliyefunga, vidole vyangu vimezoea uzi. Nikakivisha kisamaki cha mpira kwenye ndoano kama alivyoelekeza: ncha iingilie mdomoni, itokee mgongoni, mwili ubaki umenyooka. Kikishaingia, kimeingia. Hakijipindi, hakitelezi, hakidokolewi.

Redio akaomba arushe wa kwanza kwa kuwa ni mwenye mali mtarajiwa. Akajipinda kama mrusha mkuki, akatupa. Tukatazama majini. Hakuna kitu. Tukasikia Mizani nyuma yetu:

— Fundi, njoo unitolee hii kitu kwenye kofia.

Basi fimbo ikapewa Telesphor. Aliishika kwa kushoto. Mtupo wa kwanza ukaanguka karibu na miguu yake mwenyewe. Hakuna aliyecheka. Wa pili ukaenda kando, ukagonga matete. Akabadilisha jinsi alivyokaa, akauzungusha mwili wote badala ya mkono, na wa tatu ukaruka vizuri, ukatua mbali na sauti ndogo, *chwi*.

Sasa kukunja mshipi. Kile kigurudumu kina kishikio cha kuzungushia upande wa kulia. Akaunyanyua mkono wa kulia kwa kushoto, akauweka pale, akavifunga vidole kimoja kimoja juu ya kishikio kama mtu anayemfundisha mtoto kushika kijiko. Akaanza kuzungusha. Polepole mno. Inazunguka, inasimama. Inazunguka, inasimama.

— Kaza, Dereva! akasema Redio. Kwa mwendo huo samaki watasinzia.

— Mkono hauna mwendo mwingine, akajibu.

Kile kisamaki kilipokaribia ukingoni tukakiona. Jamani. Mle majini hakikuwa mpira tena. Mkia ulikuwa unapepea, mwili unayumba, kikishuka chini kinatimua vumbi la tope, kikipanda kinameta. Kasimu akasema kwa sauti ya chini:

— Kama mimi ningekuwa kambale, ningeshakwisha.

Telesphor akarusha tena. Na tena. Jua likapanda, tukavua masweta. Kahawa ikazunguka. Kwa muda mrefu hakikutokea kitu, na mimi nilianza kuogopa. Nilikuwa naona tumemleta mtu hapa kumkumbusha kilichokwisha. Lakini nilipomtazama usoni, hakuwa na uso wa mtu anayejaribu breki. Alikuwa amewasahau hata aliokuja nao. Shingo imetangulia mbele, macho yako majini.

Mara fimbo ikainama. Siyo kidogo. Ikainama mpaka ncha ikagusa maji.

— Kashika! Kashika! Kashika!

Mshipi ukaenda kulia, ukaenda kwenye ule mti ulioanguka, ukakwama, ukalia kama uzi wa cherehani. Kisha ukakatika. Fimbo ikanyooka. Telesphor akabaki ameishika, mshipi mtupu unapepea.

Hapo kijiwe kikapata uhai. Sisi wanne tukakimbilia kwenye ule mti kuona ni nini.

— Mamba yule! akasema Redio. Kambale havuti hivyo.

— Bwawa hili lina mamba? Ng'ombe wangekunywa?

— Mamba mstaarabu.

— Ni mti tu, nikasema. Ona, mshipi umezunguka tawi.

— Mti haukuvuta, ulivutiwa mshipi, akasema Mizani. Mimi nakadiria kilo tano, bila magamba.

— Kambale hana magamba!

— Ndiyo nimesema bila.

— Mimi naona ni jini, akasema Kasimu. Kanusa vitunguu swaumu akakasirika.

— Jini anaogopa vitunguu?

— Hapana, anavipenda. Kakasirika kwa sababu ni vya bandia.

Redio akawa ameshapanda juu ya gogo, anachungulia, anatusimulia anachokiona, na alichokuwa anakiona hakikuwepo. Tulibishana pale muda wa mtu kumaliza ugali. Tuliacha tuliposikia maji yanapiga kelele nyuma yetu.

Tukageuka. Telesphor alikuwa amesimama. Fimbo imeinama upya. Mguu mmoja umeingia kwenye tope, kofia imeanguka, mkono wa kulia uko kwenye kishikio na unateleza, anaurudisha, unateleza, anaurudisha. Tukakimbia wote kumsaidia. Kasimu, aliyekuwa karibu zaidi, akatanua mikono akatuzuia kama polisi wa barabarani.

— Mwacheni!

— Atampoteza!

— Amwache apotee au amtoe, ni wa kwake. Mwacheni!

Tukasimama. Sijui kama ni kitambo kirefu au kifupi. Najua nilikuwa nimelishika shati la Mizani na Mizani amenishika mimi. Telesphor hakuvuta kwa nguvu. Samaki akienda, alimwacha aende. Samaki akichoka, alizungusha. Inazunguka, inasimama. Kila mzunguko uso wake ulikunjamana kwa maumivu au kwa kitu kingine, sikujua. Akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka yule samaki akaingia kwenye maji ya magotini, tukauona mgongo mweusi, mpana, ndevu zake, na kile kisamaki cha kijani kimening'inia pembeni mwa mdomo.

Mizani hakuvua hata viatu. Akaingia majini, akamkumbatia yule kambale kama shangazi aliyeshuka kwenye treni, wakaanguka wote, akatoka naye kifuani.

— Wabeja! akapiga kelele, shukrani ya kwao. Wabeja sana, Dereva! Kilo tano, na tope kilo mbili!

Telesphor akakaa chini palepale kwenye majani. Alikuwa anahema. Alikuwa anacheka, upande mmoja wa mdomo halafu na ule mwingine. Machozi yalikuwa yanashuka lakini hakuyafuta, na sisi tukajifanya tunamwangalia samaki.

Redio akaiokota fimbo kwenye tope, akaipangusa kwa shati lake, kishikio mpaka ncha. Akaishika kidogo. Kisha akamrudishia mwenyewe.

— Breki nzima, akasema. Ila mimi nimeona bodaboda na fimbo haviendani. Mtu hawezi kupanda farasi wawili bila kuwa na nyasi.

Hakuna aliyeuliza methali ile ameitoa wapi.

Tulirudi mjini na kambale amefungwa nyuma ya pikipiki ya Redio, mkia unagonga sahani ya namba. Pale stendi watu walisimama. Redio alimpungia kila mtu kama vile amemvua yeye, na Telesphor, aliyekaa katikati, alimwacha afaidi.

Jumapili baada ya misa tukakutana kijiweni kama kawaida. Telesphor alikuja na fimbo, kwa sababu jioni alitaka kurudi bwawani. Ubishi ulikuwa kama kambale alivutiwa na rangi, harufu, au ule mwendo wa polepole. Redio tayari alikuwa na habari kwamba nchi moja ya mbali imepiga marufuku vitunguu swaumu ziwani. Ndipo tukamwona Imakulata anakuja, bado na kitenge cha kwaya, amebeba hotipoti. Imakulata hajawahi kukaa kijiweni kwetu. Hupita, anasalimia, anaondoka. Tukasimama kumpisha.

— Shikamooni wenye benchi, akasema kwa utani, maana wengine anatuzidi umri. Kaeni. Nimeleta kitoweo.

Akafungua. Harufu ya kambale wa nazi na nyanya ikatoka, hata Kasimu akafunga macho. Akampa kila mtu kipande kwenye kifuniko na bakuli alizokuja nazo. Mwishoni kikabaki kichwa, kizima, na ndevu zake. Akakifunika.

— Na hicho, mama Glory? akauliza Redio, macho yako kwenye kichwa.

— Hiki nimemwekea mtu. Siku ile mimi nilishindwa na minyoo, nikamwaibisha mume wangu mbele za watu. Jana ameniambia kilichomnasa kambale ni chambo cha pili, cha kwanza kilikatikia kwenye mti. Nimekitazama, bado kipo kwenye fimbo. Fundo limeshika vizuri. Kwa hiyo nauliza, nani alimfungia kile cha pili? Kichwa ni cha kwake.

Wote wakanigeukia mimi.

— Si Fundi, akasema Mizani. Nani mwingine?

— Mimi nilifunga cha kwanza, nikasema. Kile kilichokatika. Baada ya hapo nilikuwa na nyie kule kwenye mti. Nilijua umefunga wewe.

— Mimi? Na vidole hivi vya magunia? Nilijua Kasimu. Yeye alikuwa karibu.

— Nilikuwa nabishana na wewe habari za jini! Redio?

Redio alikitazama kile kichwa. Mnajua Redio ni mtu wa kujitwalia habari. Aliupanua mdomo. Akaufunga. Akatikisa kichwa.

— Mimi nilikuwa juu ya gogo, akasema.

Tukatazamana. Kisha, mmoja baada ya mwingine, tukamtazama Telesphor.

Alikuwa ameacha kutafuna. Alikuwa ameuweka mkono wake wa kulia juu ya goti na anautazama kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

— Baba Glory? akasema Imakulata.

— Sikumbuki, akasema taratibu. Niliona maji yanachemka palepale alipokatia. Nikajua bado yupo. Nikasema nisipowahi ataondoka. Nikachukua kingine kwenye pakiti... Akasita. Meno nilitumia. Meno nakumbuka. Lakini mshipi nilishikilia na nini?

Treni ilikuwa haipo, sokoni Jumapili kimya, na kijiwe chetu, ambacho hakijawahi kukosa jibu la kitu chochote tangu taruma lile lilazwe, hakikuwa na hata methali iliyokosewa.

Imakulata akaketi kwenye benchi, kati ya mumewe na mimi. Akauvuta mshipi kutoka kwenye fimbo. Akaniomba mkasi wangu, akaikata ile ndoano ya jana, akaiweka kwenye kiganja cha mumewe cha kulia.

— Funga nione.

— Siwezi, mama Glory. Jana sikuwa nafikiri.

— Basi usifikiri. Funga.

Akashika mshipi kwa kushoto. Akaupitisha kwenye tundu la ndoano. Vidole vya kulia, gumba na cha shahada, vikakaribiana, vikabana mshipi, ukaponyoka. Kasimu akalishusha birika chini ili lisilie. Vikabana tena, ukaponyoka tena. Jasho likamtoka Telesphor katika baridi ile ile. Redio alikuwa ametoa ulimi nje bila kujua, kama anamsaidia kufunga. Mshipi ukabanwa mara nyingine, ukakaa. Akauzungusha kwa kushoto, akauzungusha, akaupitisha, akauma ncha kwa meno, akavuta.

Kahawa ya kila mtu ilikuwa imepoa.

Imakulata akaikamata ndoano kwa pindo la kitenge ili isimchome, akavuta kwa nguvu zake zote, nguvu za mwanamke anayechota maji na kutwanga. Fundo halikuachia. Akavuta tena. Kisha akafungua hotipoti, akampakulia mumewe kile kichwa, naye akaanza kukila kwa mkono wa kulia, mchuzi unamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia ajifute.